Kiboko hatumwi na mtu

Kila mara kiboko anapoua mtu ufukweni mwa Uvira, maneno mawili husikika hata kabla ya mazishi: mnyama huyo ametumwa na mchawi, na ni mla watu, basi auawe. Yote mawili si kweli, na wakaaji wa Kasenga ndio wanaolipa.

Kiboko anakula nyasi. Mchana hukaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Giza likiingia hutoka kwa njia yake ya kila siku, hula karibu kilo 40 za nyasi, kisha hurudi ziwani kabla ya mapambazuko. Mtu anayesimama kati yake na maji ni kama amemfungia mlango. Hapo ndipo anaposhambulia. Haui ili ale, anaua ili apite.

Wengine humdharau kwa unene wake. Ana uzito unaopita tani moja, lakini akikasirika hukimbia kilomita 30 hivi kwa saa, na ni wachache wanaoweza kumshinda mbio. Akipanua kinywa si usingizi, anaonya. Jike mwenye mtoto hakaribiwi hata kwa mtumbwi.

Tatizo la Kasenga ni saa na mahali. Maji ya Tanganyika yalipopanda, mwaka 2020 na tena 2024, yalifunika nyumba za ufukweni pamoja na malisho. Kiboko akikosa nyasi hupanda hadi kwenye mahindi na lengalenga, katikati ya nyumba. Saa hiyohiyo ya jioni, bomba likiwa kavu, watoto wanashuka ziwani na bidoni zao. Hapo hakuna uchawi wowote.

Wanaotaka viboko wote wamalizwe waangalie Virunga. Miaka ya 1970 mbuga hiyo ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Vita na ujangili viliwapunguza hadi chini ya 1,000 miaka ya 2000. Mavi ya kiboko hurutubisha maji wanamokulia samaki, kwa hiyo mvuvi naye hupata hasara. Na kiboko aliyejeruhiwa kwa risasi au mkuki ni hatari kuliko yule aliyeachwa apite.

Kinachohitajika kinajulikana. Bomba la maji lifike mbali na ufuko na litoe maji kabla ya magharibi. Meya na ICCN waweke alama kwenye njia za viboko na wazuie ujenzi juu yake. Shuleni na makanisani watoto wafundishwe kwamba kuanzia magharibi hadi asubuhi ziwani hakuendwi, na mawe hayarushwi.

Hadi hayo yafanyike, kila kifo kitatafutiwa mchawi, na mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mzee wa jirani asiye na wa kumtetea. Hivyo kiboko mmoja anaweza kuleta misiba miwili, na huo wa pili unaletwa na watu.