Mafuta yakizeeka, transfoma inapata homa

Ndugu msomaji wa Kasongo na Kabambare, angalia sufuria ya mama anayekaanga mandazi. Mafuta mapya ni mepesi. Yakichomwa kila siku yanakuwa meusi na mazito. Mafuta ya ndani ya transfoma kubwa ya mgodini yanazeeka vilevile, lakini polepole, kwa miaka mingi.

Yana kazi mbili: kuzuia umeme usiruke, na kubeba joto. Yanapata moto kwenye nyaya, yanapanda, yanashuka katika mabomba ya pembeni, yanapoa, yanarudi. Hewa, maji na joto vikiyaharibu, yanazaa asidi na tope. Tope linaziba njia, joto linabaki ndani. Karatasi inayofunika nyaya inaoza: joto likizidi kwa digrii 6 hivi, maisha yake yanapungua karibu nusu.

Basi kijana, ukifanya kazi ya umeme usingoje moshi. Mwambie mkubwa wa kazi mafuta yapimwe kila mwaka. Yakichafuka yachujwe ao yabadilishwe. Na yale ya zamani usiyapeleke nyumbani, hata kwa taa. Mengine yana sumu ya PCB, iliyokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Mama abaki na mawese yake.