Sauti Nene kwa Umeme Haba: Kwa Nini Shule Zetu Zijenge Spika ya Pembe

Miongoni mwa vyombo vinavyopendwa mno na vijana wa leo, sabufa inashika nafasi ya mbele. Neno lenyewe limekwisha kuwa la Kiswahili cha kila siku, na chombo chenyewe kimekwisha kuingia katika vinyozi, migahawa, mabasi na nyumba za vijijini. Mnunuzi afikapo dukani huuliza swali moja tu: "Ina wati ngapi?" Madhumuni ya makala haya ni kudai kwamba swali hilo limekaa mahali pasipo pake, na kwamba shule ya sekondari ndiyo inayoweza kulirekebisha, kwa njia ya kujenga kwa mikono chombo kimoja kisicho cha anasa: spika ya pembe iliyokunjwa.

Tuanze na hizo wati. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba nguvu ya umeme ni zao la volti na amperi. Basi chombo kinachovuta amperi 0.3 kutoka katika umeme wa volti 230 kinapokea wati 69, wala hakiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya hizo, hata kama ganda lake limeandikwa maelfu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Siku hizi debe tupu huandikwa wati. Hata hivyo jambo kubwa zaidi ni hili: katika wati zinazofika kweli kwenye spika ya kawaida ya besi, sehemu inayogeuka kuwa sauti ni kama asilimia 1 tu, na mara nyingi ni chini ya hapo. Zilizobaki huishia kuwa joto katika koili ya spika.

Kwa nini hasara iwe kubwa kiasi hicho? Sababu ni kwamba kiwambo cha spika ni kizito, nayo hewa ni nyepesi. Kiwambo husukuma, lakini hewa humkwepa pembeni kama maji yanavyomkwepa mtu anayepiga kasia kwa fimbo. Kinachokosekana ni kiungo cha kuoanisha viwili hivyo, mfano wa gia ya baiskeli inayooanisha mguu wa mwendeshaji na mlima. Pembe ndiyo gia hiyo. Penye koo lake jembamba hewa haina pa kukwepea, hivyo kiwambo hupata kitu cha kusukuma. Kisha njia hupanuka kidogo kidogo hadi mdomoni, na wimbi hutoka nje likiwa limekwisha kuzoeana na hewa pana. Pembe iliyobuniwa vizuri huweza kugeuza asilimia 10 ya umeme, au zaidi, kuwa sauti. Maana yake ni kwamba wati 10 katika pembe huweza kufanya kazi ya wati 100 katika sanduku la kawaida.

Maarifa haya si mageni kwetu. Siwa za Pate na Lamu zilitangaza sherehe za miji kwa pumzi ya mtu mmoja tu. Siti binti Saad aliporekodi santuri zake za kwanza mjini Bombay mwaka 1928, gramafoni nyingi zilizozipiga hazikuwa na umeme wowote: sindano ilitikisa kiwambo kidogo, na pembe ikafanya kazi iliyobaki. Kufikia miaka hiyo pembe za baadhi ya gramafoni zilikuwa zimekwisha kukunjwa ndani ya kabati. Majumba ya sinema ya wakati huo nayo yalijazwa sauti kwa vikuza sauti vya wati chache, kwa kuwa spika zake zilikuwa za pembe. Hata leo, spika za pembe zinazofungwa juu ya misikiti na juu ya magari ya matangazo ni pembe zilizokunjwa: ukitazama ndani yake utaona kipande cha katikati kinachoirudisha sauti nyuma kabla ya kuitoa mbele. Basi kila mwanafunzi amekwisha kuisikia pembe iliyokunjwa. Kilichobaki ni kuielewa.

Sasa tuichukue kata kama Ulemo, wilayani Iramba, katika Mkoa wa Singida. Huku ni nchi ya alizeti na mtama, yenye jua la kutosha kwa miezi mingi. Penye umeme wa gridi, umeme ni wa kulipia. Pasipo na gridi, watu hutegemea sola na betri, na kila wati huhesabiwa. Shule ikitaka sauti ya mkutano wa wazazi, ya mahafali au ya ngoma ya shule isikike uwanja mzima, ina njia mbili: kununua nguvu, au kununua mbao na kutumia akili. Njia ya pili inafaa Ulemo kuliko Dar es Salaam, maana kilicho haba huko ni umeme na fedha, si nafasi. Pembe hudai nafasi.

Inadai nafasi kiasi gani? Hapa ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Tuseme tunataka pembe ishuke hadi mitetemo 40 kwa sekunde, yaani hezi 40. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa wimbi ni 340 gawanya kwa 40, yaani mita 8.5. Ikiwa pembe iko hewani peke yake, mzunguko wa mdomo wake unapaswa kukaribia urefu huo. Eneo la mdomo litakuwa kama mita za mraba 5.75, ukubwa wa ukuta wa chumba kidogo. Mwanafunzi atakata tamaa. Lakini pembe ikiwekwa chini, ardhi huirudisha sauti juu, na nusu ya eneo inatosha. Ikisogezwa ukutani, robo inatosha. Ikiwekwa katika kona ya chumba, thumuni inatosha: kama mita za mraba 0.72, yaani mraba wenye upande wa sentimita 85 hivi. Bwana Paul Klipsch wa Marekani aliitumia siri hii ya kona katika spika yake ya pembe iliyokunjwa, aliyoipatia hataza mwaka 1945.

Njia ya ndani nayo hufuata kanuni rahisi. Katika pembe ya hezi 40 eneo la njia linapaswa kuongezeka maradufu kila baada ya sentimita 47 hivi. Tukianza na koo la sentimita za mraba 450, linalofaa spika ya inchi 12, tunapata 900, kisha 1,800, kisha 3,600, na mwisho 7,200, ambao ndio mdomo wetu. Ni maradufu mara nne, yaani njia ya mita 1.88. Huo ni mfuatano wa namba ambao mwalimu wa hisabati huufundisha ubaoni kila mwaka bila mwanafunzi kujua unatumika wapi. Ujazo wa njia nzima unakaribia nusu mita ya ujazo: kama magunia matatu au manne ya mahindi.

Kukunja ni kuigeuza njia hiyo kwa mbao ndani ya sanduku ili isiwe ndefu kama mtumbwi. Sauti nene haijali kona za ndani, kwa kuwa wimbi lake ni refu mara nyingi kuliko upana wa njia. Sauti nyembamba hujali, nayo huharibika. Ndiyo sababu pembe iliyokunjwa ya namna hii hupewa besi peke yake.

Mwanzo mwema kwa anayeanza si plaiwudi bali karatasi ya manila. Punguza kila kipimo cha urefu mara kumi: koo litakuwa sentimita za mraba 4.5, njia sentimita 19, mdomo sentimita za mraba 72, na ukomo wake utapanda mara kumi hadi hezi 400. Spika ya redio ndogo iliyokufa yatosha, mradi nyuma yake ifunikwe kwa kijisanduku kisichopitisha hewa. Jengeni pembe mbili, moja iliyonyooka na nyingine iliyokunjwa, mzilinganishe. Kosa la karatasi hugharimu dakika kumi. Kosa la plaiwudi hugharimu mbao nzima. Baada ya hapo, seremala wa kijiji aitwe awe mwalimu mwenzenu, kwani kazi kubwa inahitaji mbao kama tatu za plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kiungo, na mihimili ya kuzuia kuta zisitetemeke. Hewa ikivuja, pembe hupiga mluzi na nguvu hupotea.

Kisha pimeni. Simu moja itoe sauti ya hezi 30, 40, 50 na kuendelea hadi 120. Simu nyingine yenye programu ya kupima sauti iwekwe mita moja kutoka mdomoni, pasipo kuihamisha. Kipokea sauti cha simu si hodari kwa besi, lakini simu ile ile mahali pale pale hulinganisha vyema. Rudieni kipimo uwanjani, ukutani na konani, mchore grafu tatu. Msipige kwa nguvu chini ya ukomo wa pembe: huko hewa haimzuii tena kiwambo, nacho huweza kuchanika.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema hiki ni chombo cha disko, si cha darasa. Lakini mawimbi ya sauti yamo katika muhtasari wa fizikia, na mwanafunzi aliyebashiri hezi 40 kisha akaipima amefanya sayansi kamili, ambapo aliyekariri maana ya urefu wa wimbi hajaifanya. Wako watakaosema inaleta kelele. Ni kweli, besi hupenya kuta. Kwa hiyo somo la desibeli lifundishwe pamoja na chombo, pamoja na kukumbushana kwamba desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ni mpaka unaotumiwa sana kulinda masikio ya wafanyakazi. Wako pia watakaosema pembe ni kubwa mno. Hilo halina dawa: hakuna spika iwezayo kuwa ndogo, kushuka chini sana, na kula umeme kidogo, yote matatu kwa pamoja. Mjenzi huchagua mawili na kulilipia la tatu. Ni vyema kijana akajifunza mapema kwamba maumbile hayatoi punguzo.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isitenganishwe na kazi. Mwaka 2014 nchi nzima ilihimizwa kujenga maabara katika shule za sekondari za kata. Kuta hizo zina thamani kwa kadiri ya kinachofanywa ndani yake, na kona za vyumba hivyo zinangoja. Ndugu walimu wa fizikia, hisabati na ufundi, mkiungana kwa muhula mmoja mtaweza kuijenga pembe hii. Nanyi ndugu wanafunzi, siku mtakapoingia dukani na kuuliza, si wati ngapi zimeandikwa, bali ngapi zinaingia na ngapi zinatoka zikiwa sauti, mtakuwa mmekwisha kuvuka kutoka kuwa wanunuzi wa sayansi hadi kuwa wenyewe.