Manamba wa Mkonge na Skrubu za Sayari

Likizo iliyopita, nikiwa nyumbani Lagangabilili, mpwa wangu aliyehitimu kidato cha sita alinionesha katika kompyuta yake filamu ya katuni ya Kijapani, Galaxy Express 999, iliyoongozwa na Rintaro mwaka 1979 kutokana na hadithi za Leiji Matsumoto. Mimi si mtu wa katuni. Niliketi kwa heshima ya ujomba tu. (Nakiri kwamba umeme ulipokatika nilikasirika kuliko yeye.)

Humo matajiri wamebadili miili yao kuwa mashine ili waishi milele. Mmoja wao anamwinda mama wa kijana Tetsuro kama mnyama wa porini na kumuua. Kijana anautamani mwili wa chuma ili alipe kisasi, naye anaambiwa iko sayari unakotolewa bure. Anasafiri kwa gari moshi kupita nyota nyingi. Anapofika ndipo anapoitambua bei ya hicho cha bure: atafanywa skrubu, kipande cha kuishikilia sayari hiyo.

"Bahati yetu, mjomba, hayo ni ya huko mbele," alisema mpwa wangu. Hapo tukatofautiana.

Babu yangu alitoka huku Usukumani enzi za Waingereza kwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha Silabu, chombo cha kuwaandikisha vibarua kutoka mbali, na Wasukuma walikuwa miongoni mwao. Kiswahili kiliwaita manamba, jina tulilolizoea kiasi cha kutolisikia tena: watu wa namba. Kila mmoja alikuwa na kadi yake ya siku 30 za kazi, na asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakuandikiwa siku hiyo. Kadi hiyo iliitwa kipande. Matsumoto hakulijua neno hilo, lakini babu yangu angeielewa filamu yake bila mkalimani.

Sisemi haya kwa kupenda historia. Mpwa wangu amepokea mkataba wa kazi ya mtandaoni: kuzipa lebo picha na maandishi ili akili mnemba ijifunze. Si jambo geni Afrika Mashariki. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuwa vijana wa Nairobi waliosoma na kuainisha maandishi ya ukatili kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Tunaambiwa mashine zinajifunza kufikiri kama binadamu. Tunasahau kuuliza nani anaketi ndani yake, akibofya.

Tulisoma mkataba huo kurasa zote. Unamtambua kwa namba. Unamwita mkandarasi huru, si mwajiriwa, ilhali unampangia saa, unampimia kazi na kumkataza kusimulia anachokiona. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Neno "mkandarasi" limewekwa pale ili ukomo huo usimguse. Maofisa kazi mnaonisoma, kagueni mikataba ya namna hii kabla vijana hawajaanza kuleta malalamiko. Wanafunzi, kumbukeni kuwa Mei 2023 wahakiki wa maudhui zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Mpwa wangu anahitaji fedha, nami siwezi kumwambia akatae kisha nirudi chuoni kwenye mshahara wangu. Tumeandika maswali manne kwa mwajiri. La kwanza linahusu jina lake.