Afya ya Nyumbani: Donda Lisiloumiza

Wazee wetu waliita donda ndugu kila kidonda kikaidi, kilacho mwili na kukataa kupona. Jina hilo lilikusanya maradhi mengi. Mojawapo leo laitwa donda la Buruli, kwa jina la sehemu ya Uganda iliyo karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Daktari Albert Cook wa Mengo alikuwa ameandika habari za vidonda vya namna hii tangu mwaka 1897, lakini bakteria mwenyewe alielezwa mara ya kwanza Australia, mwaka 1948. Ni jamaa wa bakteria wa kifua kikuu na ukoma.

Huanza kwa kivimbe kigumu chini ya ngozi, aghalabu mguuni au mkononi, nacho hakiumi. Hapo ndipo penye hila yake. Bakteria huyo hutoa sumu, iliyotambuliwa mwaka 1999 na kuitwa maikolaktoni, ambayo huua nyama, hufisha maumivu na kudhoofisha ulinzi wa mwili mahali pale. Mtoto huendelea kucheza, wala hana homa. Ngozi inapopasuka, shimo la ndani limekwisha kuwa pana kuliko mdomo wake. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wasiotimiza miaka 15. Tusiwalaumu mama zao. Ni nani akimbiliaye hospitali kwa kitu kisichouma?

Zamani tiba ilikuwa kisu. Nyama iliyooza ilikatwa pamoja na ile nzima iliyoizunguka, ngozi ikabandikwa, na mgonjwa akalazwa kwa miezi. Huko wodini alimngoja adui wa pili, kwani kidonda kilicho wazi ni mlango, na bakteria wengine hupita kwa mikono na vyombo vya kufungia vidonda. Watafiti nchini Ghana waliowapima wagonjwa wa Buruli waliona dalili kwamba bakteria wa usaha walihama toka kidonda cha mmoja hata cha mwingine. Jambo hilo si geni. Mwaka 1847, mjini Vienna, Daktari Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Ajabu ni kwamba wakubwa wengi wa utabibu walimkataa!

Kwa hiyo utafiti wenye faida kubwa ni ule uliompunguzia mgonjwa siku za kulazwa. Kuanzia 2004 Shirika la Afya Duniani lilishauri rifampisini pamoja na sindano za streptomaisini, ambazo zaweza kudhuru masikio. Kisha jaribio la Ghana na Benin, lililotangazwa mwaka 2020, lilionyesha kwamba dawa mbili za kumeza, rifampisini na klarithromaisini, kwa wiki 8, hazipungukiwi na tiba ile ya sindano. Kivimbe kikipimwa mapema, mtoto aweza kutibiwa akiwa kwao, mradi afungaye kidonda anawe kwa sabuni kabla na baada.

Wala asitengwe, kwani ni nadra sana maradhi haya kutoka mtu hata mtu. Katika jimbo la Victoria, Australia, utafiti wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba mbu ndio wayaletao kwa watu. Barani Afrika huonekana zaidi karibu na mabwawa na maji yaendayo polepole, na njia yake huko ingali ikitafutwa.