Timu teule za softiboli: wazazi, fungueni daftari kabla ya kufungua pochi



Ndugu wazazi na wanafunzi, swali hili limetufikia zaidi ya mara moja kutoka kwa jamaa zetu waliotoka Kongo, Burundi na Uganda wakaanza maisha mapya Marekani. Binti amejifunza softiboli shuleni na anarusha mpira vizuri. Kocha wa timu ya kulipia amemwona na kuwaambia wazazi kwamba mtoto ana kipaji, apelekwe kwenye timu teule ili vyuo vikuu vimwone. Kisha ndipo inapotajwa ada. Baba anauliza: je, inafaa?

Jibu letu ni fupi. Kama mnalipa ili kununua ufadhili wa chuo kikuu, haifai. Kama mnalipa ili mtoto acheze mchezo anaoupenda, na fedha ipo mkononi bila deni, na hakuna mwingine katika familia anayenyimwa haki yake, basi inaweza kufaa. Tatizo ni kwamba biashara hii haiuzwi kwa sababu ya pili. Inauzwa kwa sababu ya kwanza, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Mchezo wenyewe hauna kosa

Kwa wasiojua, softiboli ni ndugu wa besiboli. Ulianzia Chicago mwaka 1887 kama mchezo wa ndani ya ukumbi. Mpira hurushwa kwa mkono unaozunguka kupitia chini, na mpinzani huupiga kwa rungu na kukimbia. Jina lake lina maana ya mpira laini, lakini mpira wenyewe si laini hata kidogo. Kwa wanawake, mchezo huu uliingia Olimpiki mwaka 1996, ukaondolewa baada ya 2008, ukarudi Tokyo mwaka 2021, na umepangwa tena katika Olimpiki ya Los Angeles ya 2028.

Wapo wazee watakaosema kuwa binti hana haja ya mchezo wowote. Hatuko nao. Mwili ni amana, na afya ya binti ni sawa na afya ya kijana wa kiume. Sare ya softiboli ni suruali, na hijabu inavalika chini ya helmeti. Hoja yetu leo si mchezo. Hoja yetu ni bei, na maneno yanayotumiwa kuipamba bei hiyo.

Timu teule si timu ya shule wala ligi ya mtaa. Ni klabu ya binafsi inayochuja wachezaji, inawatoza wazazi ada, na kuwasafirisha mji hadi mji, mara nyingi jimbo hadi jimbo, karibu kila mwisho wa wiki wakati wa kiangazi. Watoto hupangwa kwa umri, wengine wakiwa na miaka 10 au chini ya hapo, hadi 18.

Mali bila daftari huisha bila habari

Wahenga walisema hivyo, na hapa ndipo neno lao linapotimia. Mzazi huambiwa ada tu. Ada ni mlango, nyumba iko ndani.

Taasisi ya Aspen, inayofuatilia michezo ya watoto Marekani, ilitangaza kuwa mwaka 2024 familia ya kawaida ilitumia wastani wa dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Huo ni wastani wa familia za aina zote, pamoja na zile za ligi ya mtaa. Kwa timu teule zinazosafiri, kiasi hicho huenda kisifike hata katikati ya msimu.

Hebu tuandike mfano wa mwaka mmoja. Takwimu hizi ni za mfano tu, kila familia iweke zake. Ada ya klabu, dola 2,500. Mashindano 8 ya mbali, kila moja usiku mbili hotelini kwa dola 150, ni dola 2,400. Petroli na chakula cha njiani, dola 150 kwa kila safari, ni dola 1,200. Mwalimu binafsi wa kurusha, dola 50 kwa wiki kwa wiki 30, ni dola 1,500. Rungu zuri la kupigia, dola 350. Jumla ni dola 7,950. Na katika mashindano mengi timu hulazimishwa kulala katika hoteli zilizoteuliwa na waandaaji, kwa hiyo hata ujanja wa kulala kwa jamaa haupo.

Sasa zidisha kwa miaka minane, kuanzia umri wa miaka 10 hadi 18. Ni dola 63,600. Kiasi hicho hakitajwi na kocha siku ya kwanza, kwa sababu hakilipwi siku ya kwanza. Hutoka kidogo kidogo, na mara nyingi kupitia kadi ya mkopo, ambayo usipomaliza deni lake kwa wakati inakuingiza katika riba. Muislamu anayeikimbia riba katika kununua nyumba, vipi aikumbatie kwa ajili ya hoteli za softiboli?

Ufadhili unaouzwa

Watasema: "Lakini atapata chuo bure." Tulitazame neno hili kwa makini.

Michezo ya vyuo vikuu vingi vya Marekani husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, chenye madaraja matatu. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa. Daraja la pili lina kikomo cha ufadhili 7.2 kwa timu nzima ya softiboli. Daraja la kwanza, hadi mwaka wa masomo 2024-25, lilikuwa na kikomo cha 12 kwa timu nzima, na kocha aliruhusiwa kuugawa vipande vipande. Timu ikiwa na wachezaji 20, wastani ni sehemu 6 kati ya 10 za ufadhili kwa kila mmoja. Kwa hiyo wapo waliovaa jezi ya chuo kikubwa huku wazazi wao wakiendelea kulipa.

Kanuni hiyo imebadilika. Juni 2025 mahakama iliidhinisha maridhiano ya kesi kubwa ya wanamichezo, na vyuo vilivyojiunga na mpango huo havina tena kikomo cha ufadhili, ila timu ya softiboli haizidi wachezaji 25. Wauzaji wataishika habari hii kwa mikono miwili. Wazazi waelewe: chuo kimeruhusiwa kutoa zaidi, hakikulazimishwa. Na nafasi ni 25 tu.

Wanaozigombea nafasi hizo ni wangapi? Wasichana wanaocheza softiboli katika shule za sekondari Marekani ni kiasi cha 340,000. Kwa takwimu za NCAA, takriban 2 tu kati ya kila 100 hufika daraja la kwanza. Ukijumlisha madaraja yote matatu, ni kama 6 kati ya 100, na wengine kati ya hao wako daraja lisilotoa senti ya michezo.

Tena lipo jambo ambalo wazazi wa watoto wadogo hawaambiwi. Tangu mwaka 2018, makocha wa softiboli wa daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa 11 wa shule. Sasa huyo anayekwambia kwamba binti yako wa miaka 10 "lazima aonekane" mwaka huu, aonekane na nani?

Chuo kina milango mingine

Mwaka wa masomo 2024-25, wastani wa ada katika chuo kikuu cha umma cha miaka minne, kwa mkaazi wa jimbo husika, ulikuwa dola 11,610 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni dola 46,440. Rejea kwenye mfano wetu: mzazi ametumia dola 63,600 akitafuta kuepuka ada ya dola 46,440! Malazi na chakula ni gharama za ziada, tunajua, lakini hata hivyo biashara gani hii?

Na upo msaada usiohitaji rungu wala glavu. Ruzuku ya serikali iitwayo Pell hutolewa kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, wakiwemo wenye ukaazi wa kudumu, na hairudishwi. Kiwango chake cha juu kwa mwaka 2024-25 kilikuwa dola 7,395. Anayeipata yote kwa kiwango hicho miaka minne anapokea dola 29,580. Sharti lake ni kujaza fomu iitwayo FAFSA kwa wakati na kwa ukweli. Wapo wazazi wanaokesha kujaza fomu za mashindano ya Julai, na fomu hii hawaijui hata jina.

Hoja za upande wa pili

Insafu inatutaka tuyasikie na ya wenzetu. Hoja ya kwanza: makocha wa vyuo huwatafuta wachezaji katika mashindano ya timu teule ya kiangazi, kwa sababu wakati wa msimu wa shule wao wenyewe wako katika msimu wao. Hiyo ni kweli. Na mchezaji wa timu teule nzuri ana nafasi kubwa kuliko ile ya 2 kati ya 100. Hatukatai. Lakini kubwa kiasi gani? Mwombe mwenye klabu orodha: katika miaka mitano iliyopita wachezaji wangapi walimaliza kwako, wangapi walipata ufadhili wa michezo, na wa kiasi gani? Si picha za wasichana wenye kofia za vyuo, orodha. Akikupa, mjadala wako uwe na orodha hiyo. Akikasirika, jibu umelipata.

Hoja ya pili: timu humjenga mtoto tabia, humfunza kuvumilia na kushirikiana. Ni kweli pia. Lakini timu ya shule na ligi ya mtaa nazo hufunza hayo hayo. Uvumilivu hauongezeki kwa kulala hoteli.

Hoja ya tatu: mtoto asipoanza mapema ataachwa. Hapa wasikilizeni madaktari. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, mwaka 2016 kilishauri kuwa mtoto asibobee katika mchezo mmoja kabla ya umri wa miaka 15 au 16, apumzike siku moja au mbili kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi mitatu mbali na mchezo wake. Linganisheni na ratiba ya klabu inayocheza kiangazi, ikarudi uwanjani vuli, na kujifua ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Mrushaji mmoja hodari huweza kutumiwa mechi baada ya mechi katika mwisho mmoja wa wiki, na bega la mtoto wa miaka 12 halijui kuwa kuna fainali.

Haki za wengine

Mtasema mwalimu anatetea darasa lake, kwa kuwa mashindano huangukia Jumamosi na Jumapili, siku ambazo madrasa nyingi za ughaibuni hufundisha. Basi tuiweke madrasa kando. Mdogo wake anayekaa kiti cha nyuma saa sita kila safari, yeye amepangiwa nini? Kaka yake anayehitaji mwalimu wa hisabati amepewa kiasi gani? Mama anayefanya zamu ya usiku ili ada itimie, nani alimuuliza? Na bibi aliyeko Bujumbura au Bukavu, ambaye dawa zake hutegemea kile kinachotumwa kila mwezi, je, amepunguziwa? Israfu si lazima iwe dhahabu na karamu. Hata kitu cha halali kikizidi kipimo chake na kula haki ya mwingine, ni israfu.

Yupo pia binti mwenyewe. Akishajua kuwa nyumba nzima imewekeza kwake, kila mpira anaoukosa huwa ni deni. Yule aliyekuwa akicheka uwanjani anaanza kulia ndani ya gari. Mtoto si mtaji.

La kufanya

Ukitaka kuruka, agana na nyonga. Kabla ya kutia saini, wazazi kaeni pamoja na binti, na mjibu haya:

1. Ni yeye anayetaka, au ni sisi? Muulizeni bila kocha kuwepo, na mumpe ruhusa ya kusema hapana.

2. Gharama yote ya mwaka ni kiasi gani, pamoja na hoteli, petroli, vifaa na masomo ya ziada? Iandikwe.

3. Je, inalipika kwa fedha taslimu, bila riba, na bila kugusa ada za wengine wala haki ya wazee wetu?

4. Kama hakuna chuo chochote kitakachompa hata dola moja, bado tutaona fedha hii imetumika vizuri?

Swali la nne ndilo mizani. Mkijibu ndiyo, na matatu ya mwanzo yamesimama, mwacheni acheze, nanyi mkamshangilie. Mkijibu hapana, basi mnacheza bahati nasibu kwa jina la mtoto. Mpelekeni timu ya shule na ligi ya mtaa, tafuteni klabu ya karibu isiyosafiri sana, na tofauti ya fedha wekeni kwa ajili ya masomo yake. Fedha hiyo haitachujwa na kocha yeyote.

Allah awajaalie watoto wetu afya, elimu na busara, na atupe sisi wazazi macho ya kuona bei kamili ya kila tunachouziwa.

Wabillahi tawfiq.