Uliumia Lini?



Msimu uliopita wa vitunguu mwenzetu mmoja alitujia hapa Rapsu, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa. Alikuwa amepalilia na kung'oa vitunguu misimu mitatu, kibarua cha kutwa, mkono ule ule, mwendo ule ule. Sasa usiku vidole vyake hufa ganzi, na asubuhi hawezi kufunga kifungo cha shati la mtoto wake. Alipokwenda kwa mwenye shamba kuomba msaada wa matibabu, aliulizwa neno moja tu: "Uliumia lini?" Hakuwa na jibu. Akarudi nyumbani.

Twataka kulijibu swali hilo leo, maana hakuulizwa yeye peke yake.

Ajali kila mtu anaijua. Panga likiteleza damu hutoka, watu hukimbia, na siku ile hukumbukwa. Lakini liko jeraha jingine lisilo na damu wala siku. Ndani ya mkono mna kano, ndizo kamba zinazovuta vidole. Kila tukikaza mkono juu ya mpini wa jembe, kano hizo huteleza ndani ya ala zake. Zikiteleza mara maelfu kwa siku bila kupumzishwa, huumia na kuvimba. Katika kifundo cha mkono iko njia nyembamba ambamo kano hupita pamoja na mshipa wa fahamu. Njia ikijaa uvimbe, mshipa hubanwa. Ndipo ganzi huingia katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, na mtu huangusha kikombe bila kujua kwa nini.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Wengi hudhani maneno hayo ni ya akiba ya fedha tu. Maumivu nayo hujaza kibaba vivyo hivyo.

Wako watu wasemao kwamba huo ni uvivu, au ni uzee, au ni baridi ya maji ya mfereji. Hao wamechelewa sana. Daktari mmoja Mwitaliani, Bernardino Ramazzini, aliandika kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi mwaka 1700, na katika toleo la mwaka 1713 akaeleza jinsi mikono ya makarani inavyochoka na kuharibika kwa kuandika mfululizo. Na mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliyataja katika orodha yake ya magonjwa ya kazini maradhi ya kano za mkono yaletwayo na kurudia mwendo mmoja, na kubanwa kwa mshipa wa kifundo cha mkono. Ikiwa kalamu inaweza kumharibu karani, jembe litashindwaje kutuharibu sisi?

Sasa tuitazame sheria ya nchi yetu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ambayo wengi huiita WIBA, ilitungwa mwaka 2007. Haihusu ajali peke yake. Yahusu pia ugonjwa unaotokana na kazi. Wala haiwahusu wenye barua ya kuajiriwa peke yao. Mapatano ya mdomo nayo ni mapatano, awe mtu analipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi. Mfanya kazi asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi anastahili kulipwa sawa na mapato yake, mpaka miezi 12. Na ikiwa ulemavu ni wa kudumu, hesabu huanzia mapato ya miezi 96, kisha hutazamwa asilimia ya ulemavu. Tuchukue mfano: mtu apataye shilingi 12,000 kwa mwezi, na daktari ameona ulemavu wa asilimia 10. Miezi 96 ni shilingi 1,152,000. Asilimia 10 yake ni shilingi 115,200. Fedha hizo ni haki yake, wala haombi sadaka.

Lakini haki hiyo ina mlango wake. Mahakama Kuu kabisa ya nchi iliamua mwezi Desemba 2019 kwamba sheria hii ni halali, na kwa hiyo madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Yapasa yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kutoa pingamizi, na baada ya kujibiwa ana siku 30 za kukata rufani katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hapo ndipo swali la "lini" linapotuumiza. Sheria yahesabu siku, na jeraha letu halina siku.

Wenzetu wachuma chai wa Kericho wamekwisha kuuona ugumu huo. Zaidi ya watu 1,000 waliishitaki kampuni ya James Finlay (Kenya) mbele ya mahakama ya Edinburgh, Scotland, kwa kuwa kampuni hiyo iliandikishwa huko. Walidai kwamba kuinama saa nyingi na kubeba mizigo mizito ya majani kumewaharibu migongo na viungo. Kampuni ilipinga. Mwezi Novemba 2023 majaji wa huko waliisimamisha kesi ili kwanza madai yapelekwe Kenya, chini ya sheria hii hii ya 2007. Twajifunza nini? Kwamba hata aliyefika Ulaya alielekezwa arudi kwenye mlango ulio nyumbani. Na mlangoni huulizwa karatasi.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwenye shamba ni hili: jeraha letu hupata tarehe siku linapoandikwa. Tusingoje mkono ushindwe kabisa. Ganzi ikirudi usiku wa tatu, nenda zahanati. Mweleze mganga kazi unayofanya, kwa saa ngapi na tangu msimu gani, na umwombe ayaandike hayo, siyo "maumivu ya mkono" tu. Siku hiyo hiyo mwambie mwenye shamba mbele ya shahidi. Akiisha kuarifiwa, yampasa apeleke taarifa serikalini kwa fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Asipopeleka, njoo kwetu, nasi tutaandika barua na kuipeleka pamoja nawe. Na kila mmoja wetu awe na daftari: siku aliyofanya kazi, shamba la nani, kazi gani, malipo kiasi gani. Daftari la shilingi chache laweza kushinda maneno ya watu kumi.

Twajua hofu iliyopo. Kibarua akisema mkono unamwuma, kesho nafasi yake hupewa mwingine. Ndiyo sababu asiende peke yake. Mmoja akisema huitwa mvivu. Ishirini wakisema, huo ni ugonjwa wa kazi.

Tuseme kweli pia juu ya upande wa pili. Rapsu si Kericho. Mwenye shamba hapa mara nyingi ni jirani yetu, pengine ndugu yetu wa ukoo, mwenye eka moja au mbili kando ya mfereji, na msimu mbaya humwacha na deni kama sisi. Bima hana, ingawa sheria yamtaka kila mwajiri awe nayo. Hatusemi auze ng'ombe wake wa mwisho. Twasema hivi: kama wenye mashamba waweza kukutana kugawana zamu za maji, waweza kukutana kuchangia bima kwa umoja wao. Mmoja hawezi, hamsini waweza. Na kabla ya bima yako mambo yasiyohitaji fedha nyingi: kupokezana kazi ili anayeng'oa asubuhi akusanye au afungashe mchana, mapumziko mafupi kila saa, mpini mrefu na mnene wa kutosha kushikika bila kukaza ngumi.

Wenye shamba watasema kwamba kazi itachelewa. Maneno hayo yamekwisha kusemwa kwingine. Huko California, Marekani, vibarua wa mboga walilazimishwa kupalilia kwa jembe lenye mpini mfupi sana, wameinama kutwa, mpaka migongo ikaharibika. Matajiri walidai kwamba bila jembe hilo mboga zingeharibika. Mwaka 1975 mahakama kuu ya jimbo iliamua upande wa vibarua, na jembe fupi likapigwa marufuku. Mboga za California hazikukoma kwenda sokoni.

Mwenzetu yule tuliyeanza naye sasa ana karatasi ya mganga, na taarifa yake imeandikwa. Hatujui atalipwa kiasi gani, wala hatutamdanganya. Lakini akiulizwa tena "Uliumia lini?" anayo tarehe ya kutaja, na wako watu wa kusimama kando yake anapoitaja.

Basi, ndugu, palilio linalokuja tusiende shambani na jembe tu. Twende na jembe na daftari. Mkono huu ndio shamba letu la pekee sisi tusio na eka; ukifa, hakuna mvua itakayouotesha tena.

Umoja ni nguvu.