Msimwite Suka

Dereva ni kazi; suka ni sifa. Mwanza tunayatumia maneno haya mawili kama mapacha, lakini hayafanani. "Suka, simamisha hapo" ni wito tu, hata kwa mtu usiyemjua. Ila abiria akigeuka na kumwambia jirani yake, "Huyu ndiye suka," hapo ametoa cheo.

Ugomvi wangu uko kwenye cheo hicho. Nasoma shahada ya uzamili, napanda hais za Buhongwa karibu kila siku, na ninasikia kinatolewa kwa nani. Anapewa anayetanua foleni ikikaza Mkuyuni. Anapewa anayemchomekea mwenye lori na kulipita kwenye kona asiyoona mbele. Anayeendesha taratibu anaitwa mzee, anaulizwa kama gari ni la mkopo.

Mimi ndani ya suka nasikia usukani. Na usukani, kabla ya kuwa wa gari, ulikuwa wa chombo cha majini: ule ubao wa nyuma unaokipa chombo mwelekeo. Waarabu wanauita sukkan. Kazi yake haikuwa kukimbiza chombo. Mbio ziliachiwa tanga na upepo. Usukani ulikuwa wa kufika.

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatukupaswa kukumbushwa hilo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli alisema nahodha hakuwemo, usukani alimwachia mtu asiye na mafunzo. Nchi nzima ilishangaa. Kwa nini ilishangaa? Kituoni tunaona kila siku dereva akishuka kula na kumwachia gari deiwaka, na hakuna anayeuliza leseni. Wako deiwaka wanaoijua kazi, sikatai. Lakini abiria tunawapima kwa kitu kimoja tu: anakanyaga mafuta au hakanyagi?

Nitajibiwa kwamba dereva ana hesabu ya tajiri, asipokimbia jioni analala njaa. Ni kweli, na ni dhuluma. Basi tuibishie hesabu hiyo: tudai mkataba na mshahara. Kumvisha sifa mtu anayelazimishwa kuhatarisha roho yake na zetu ni kumsaidia tajiri bure. Tajiri halipi chochote kwa neno "suka", ila linamwingizia tripu mbili za ziada.

Tena tusijifiche nyuma ya tajiri. Anayepiga makofi ni abiria. Anayesema "tubanane, twende" wakati gari limeshajaa ni abiria. Siku trafiki akisimamia levo siti, wa kwanza kulalamika ni sisi.

Kwa hiyo naomba neno lirudishwe. Suka ni yule anayemwambia konda "inatosha, funga mlango" na watu bado wanagombania. Ni anayesubiri nyuma ya lori mpaka barabara ionekane, huku siti za nyuma wakimzomea. Ni anayekataa kumkabidhi usukani mtu asiyemwamini, hata kwa dakika tano za ugali. Huyo mwingine mwiteni dereva, kama leseni anayo. Kama hana, jina lake mnalijua.